Siku Mtani Aliponipa Shikamoo

Kitengo cha Macho,
Tabora,
14 Mei 1974

Kwako Raymundi Shija, mpagazi wangu,

Sikuamkii, maana mpagazi haamkiwi. Babu yangu Mzaramo alimpokea babu yako kule pwani akiwa na pembe la ndovu begani na njaa tumboni, akampa maji ya kunywa, na tangu siku hiyo ninyi Wanyamwezi wote tunawadai shukrani ambayo hamjaileta.

Wiki iliyopita ulipokuja kupimwa miwani ulitoka mbio kuwahi treni kama mwizi wa kuku, ukaiacha kofia yako ya pama. Haya, hukuiacha, nilikuvua mwenyewe kichwani. Ni haki yangu na inanipendeza kuliko ilivyokupendeza wewe.

Sasa nisikilize. Ile kamera kubwa uliyoiogopa si ya miwani. Dakta Rasiklal ameileta kutoka Dar es Salaam, anapiga picha ukuta wa nyuma wa jicho, maana ni mahali pekee mwilini ambapo mishipa ya damu inaonekana wazi bila kumpasua mtu. Anasema mishipa hiyo na ya ubongo ni ndugu wa tumbo moja. Huyu akiugua, yule naye hayuko salama. Ya kwako imebana na ina madoa ya damu iliyovuja. Nilikuambia palepale, "Mpagazi, mshipa wa kichwani kwako utapasuka kabla ya mvua, niandikie urithi wa baiskeli." Ukacheka mpaka ukakohoa. Na mimi nikacheka.

Presha yako ilikuwa 230 kwa 130. Rudi wiki hii uanze vidonge. Usiporudi utakufa, nami nitakuja kuzika kama desturi yetu watani, nile ng'ombe wako na kuvaa koti lako la kanisani.

Mimi mwenye mali,
Siwema Pazi,
Mganga Msaidizi wa Macho


Bukene,
27 Mei 1974

Kwa Siwema, mla nazi na mnyang'anyi wa kofia,

Barua yako imefika. Nimeisoma kwa sauti baada ya mkutano wa kijiji, watu wamecheka mpaka mwenyekiti akasahau ajenda. Mke wangu Imakulata peke yake ndiye aliyeuliza, "Hiyo 230 ni nini?" Nikamwambia ni idadi ya ngoma alizocheza huyu Mzaramo tangu avunje ungo.

Unasema nitakufa. Tangu lini mtani akamwambia Mnyamwezi kwamba ataishi? Kuna mtani wangu Mgogo hapa stesheni ameshanizika mara nne, na mwaka jana alidai kabisa ubani wa matanga. Mungu anamwona.

Kuja Tabora siwezi. Tumehamishiwa huku kijiji kipya, nyumba sitini zinatakiwa paa kabla ya mvua, na seremala aliyefundishwa na mapadre Kipalapala ni mimi peke yangu. Hawa wengine wanashika msumeno kama wanakata ugali. Kichwa kinaniuma asubuhi, kweli, lakini mwaka huu wa kuhama nani kichwa hakimuumi? Nina miaka hamsini na miwili na bado napanda paa bila ngazi.

Nitumie miwani. Koti usiliote.

Raymundi Shija


Tabora,
5 Juni 1974

Raymundi,

Miwani hii hapa. Na hii ni picha ya jicho lako la kulia. Dakta amempa filamu Yusufali, yule wa studio ya Gongoni, akaisafisha. Yusufali ameniuliza ni picha ya sayari gani.

Itazame vizuri. Hiyo michirizi ni mishipa yako. Pale nilipochora mshale kwa wino, mshipa umebanwa mpaka unakaribia kukatika. Hayo madoa kama masizi ni damu. Ndani ya kichwa hatuwezi kupiga picha hapa kwetu, lakini huna haja ya kupasua mtungi kujua kama maji yaliyomo ni machafu, unachota kikombe kimoja. Jicho lako ndilo kikombe.

Safari hii sitanii. Nasema kweli kabisa, haki ya Mungu, nipigwe radi. Njoo, mpagazi mkaidi wewe. Paa wataezeka wengine. Ukichelewa nitamwoa Imakulata mwenyewe, alau yeye anauliza maswali ya maana.

Siwema


Bukene,
19 Juni 1974

Kwa Siwema,

Usishangae mwandiko. Siku hizi mimi ni mtu mkubwa, nimeajiri karani. Yeye anaandika, mimi nasema huku nimekunja nne.

Picha imezunguka kijiji kizima. Mzee mmoja akadhani ni ramani ya viwanja vipya, akatafuta cha kwake, akalalamika kwamba amewekwa bondeni. Mtoto wa balozi wa nyumba kumi akasema ni mwezi ulioungua. Mimi nimeibandika mlangoni ili wachawi wajue jicho langu linawaona.

Eti safari hii hutanii! Ewe mwana wa pwani, neno la kwanza la mtani ni "sitanii", la pili ni "haki ya Mungu". Na kiapo cha radi umekitoa mwezi wa sita, kiangazi, mawingu yenyewe hakuna. Tunakujueni.

Nyumba ishirini na tatu zimekwisha. Nikimaliza zote nitakuja Tabora na mzigo wa viazi vitamu. Sitakupa hata kimoja.

Raymundi Shija

Dada Siwema, haya ya hapa chini ni yangu mimi, Imakulata, ndiye karani mwenyewe. Yeye ametoka nje kuwaelekeza waezekaji, hajui kama ninaongeza maneno. Jumanne randa ilimdondoka mkononi. Mkono wa kulia wote ukafa ganzi na maneno yakawa yanamtoka ovyo kama mlevi, na pombe hakunywa. Baada ya muda wa kuchemsha chai akarudi kuwa sawa, lakini kalamu hadi leo haimkai vidoleni. Amenikataza kusema kwa mtu. Kaka yake Anton alianza hivihivi, akaanguka shambani, siku ya tatu tukamzika. Mnapotaniana ninyi wawili mimi sijui pa kuingilia. Nakuomba uniambie mimi, mwanamke mwenzako. Ni utani au ni kweli?


Tabora,
22 Juni 1974

Mzee Raymundi Shija,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nimempa gadi wa treni mkononi ili isikae posta. Pamoja nayo nakurudishia kofia yako. Nimeipiga brashi na kuitengeneza ukingo. Nilikosa adabu kuichukua bila ruhusa yako, mzee wangu, naomba unisamehe.

Nakusihi upande treni ya kesho pamoja na mama Imakulata. Nitakuwa stesheni ya Tabora nikiwasubiri.

Wako mtiifu,
Siwema Pazi


Bukene,
9 Agosti 1974

Siwema,

Huu mwandiko wa kuku ni wangu mwenyewe. Nimeanza kushika kalamu juzi, na mstari mmoja unanitoa jasho kama mbao tatu. Lakini kuna mambo sitaki karani ayaandike.

Gadi alinikuta juu ya paa la nyumba ya ishirini na nne. Akanirushia kofia, nikaidaka, nikasema moyoni, huyu Mzaramo kachoka nayo. Kisha nikafungua barua. Neno la kwanza, shikamoo. Nikasoma tena. Nikateremka taratibu, nikakaa juu ya rundo la miti, nikamwita Imakulata nikamwuliza, "Nani kafa?" Mtani anarudisha kitu? Mtani anaomba radhi? Tangu misafara ya babu zetu, tangu njia ile ilipokanyagwa mara ya kwanza, nani aliwahi kusikia? Imakulata akaanza kulia. Ndipo nikajua aliyekufa ni mimi.

Ukweli ni huu. Nilikuwa nimejua kabla ya randa kudondoka. Tangu Aprili kulikuwa na asubuhi naamka nusu ya mdomo siisikii kwenye kikombe, chai inamwagika kifuani, nami namwambia mke wangu kikombe kimepasuka. Kaka yangu Anton alikufa hivyo, na baba yetu kabla yake, na watu walisema ukoo wetu umefungwa. Nikaona zamu yangu imefika, na zamu haina dawa. Basi nilizipenda barua zako, maana ulikuwa mtu pekee niliyeweza kucheka naye kifo changu bila kumkubalia kwamba kipo. Nilikuwa mwoga. Niliuvika uoga wangu nguo za utani, nikacheza nao mbele za watu.

Sasa nakulaumu. Siku kumi na sita wodini, kila asubuhi unakuja, "Shikamoo mzee, umeamkaje mzee wangu?" Unanipigia na goti! Wagonjwa wenzangu wananisifu nimepata binti mwenye adabu, mimi najifunika blanketi gubigubi. Najua nesi husema uongo kwa upole. Mtani hawezi. Daktari alisema presha inashuka, nikakutazama usoni uniambie kama ni kweli, ukaniambia, "Tumshukuru Mungu, mzee." Nilikaribia kufa palepale.

Vidonge nakunywa. Chumvi nimeacha, Imakulata ananipikia mlenda usio na ladha ya dunia. Paa sipandi, nakaa chini naelekeza, ile kazi ya watu wasiojua kazi. Mkono unarudi. Lakini ulivyoniaga stesheni, "Safari njema, baba", nimefika nyumbani na hofu kubwa kuliko niliyoondoka nayo.

Kama nimepona, nitukane. Hata tusi dogo tu, la kuanzia.

Raymundi


Tabora,
21 Agosti 1974

Mzee Raymundi,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeanza kuandika tusi mara tatu na mara tatu nimechana karatasi.

Nikueleze na mimi. Siku ile ya Mei, nilipochungulia jicho lako kwenye kamera na kusoma presha, nilijua. Nina miaka tisa katika kazi hii. Ilinipasa kufunga mlango, kukukalisha kitini na kukuambia polepole kama ninavyowaambia watu wengine. Badala yake nikakuambia kuhusu urithi wa baiskeli, kwa sababu wewe ni Mnyamwezi, kwa sababu ndivyo midomo yetu ilivyozoea, na kwa sababu, mzee wangu, ni rahisi kusema kifo ukiwa unacheka. Sikupenda kuona uso wako ukibadilika. Nikakupa kweli imefungwa kwenye kicheko, ukaitupa pamoja na kicheko, kama mtu atupavyo ganda na karanga yake. Wiki sita umebeba miti na kupanda mapaa ukiwa na mishipa ile. Imakulata asingeandika yale maneno chini ya barua, leo ningekuwa nimekuja Bukene kula ng'ombe wako kweli.

Nimeapa kwamba sitakutania mpaka nijue. Presha kushuka ni jambo jema, lakini hiyo ni ya leo na kesho inaweza kupanda. Ninachotaka kuona ni mishipa yenyewe. Dakta Rasiklal atarudi na kamera katikati ya Oktoba. Njoo tarehe 15. Tutapiga jicho lilelile, tuweke picha mbili pamoja, maana kwa kuchungulia tu hatuwezi kulinganisha. Madoa yakiwa yameongezeka, vidonge havitoshi na ubongo bado uko hatarini. Yakiwa yamepungua, basi tumelikamata jambo lenyewe.

Mpaka siku hiyo nivumilie na heshima yangu. Naona inakuuma. Hata mimi inanichosha magoti.

Msalimie mama.

Siwema Pazi


Bukene,
31 Oktoba 1974

Siwema,

Nimekuja tarehe 15, umenitia matone, nimetazama kwenye kamera yenu mpaka jicho likatoa machozi, nimerudi. Leo siku ya kumi na sita. Mlisema wiki moja.

Najua Yusufali amekosa dawa ya kusafishia picha. Aliniambia mwenyewe pale Gongoni, hakuna dawa mjini, mpaka ije ya Dar es Salaam, na ya Dar es Salaam nayo inangoja meli. Namwelewa, hata misumari tunangoja meli. Lakini jicho langu limekaa gizani ndani ya kikopo dukani kwa Yusufali, mimi niko huku nje, na sijui kama ninahesabiwa miongoni mwa walio hai.

Kila treni ya Tabora ikipita nasikia jina langu. Imakulata anasema nimekuwa mbaya kuishi naye. Jana nimemgombeza mbuzi. Mapaa sitini yamekwisha yote, mvua ya kwanza imenyesha Jumapili, hakuna lililovuja. Watu wamefurahi, wamenibeba juu. Nami nikiwa juu mabegani mwao nikawaza, je, hawa wanajizoesha?

Nisamehe barua fupi. Niandikie lolote.

Raymundi


Tabora,
7 Novemba 1974

Wewe Raymundi, mpagazi, kichwa kama chungu cha togwa kilichosahauliwa jikoni!

Hata kufa kumekushinda! Umepewa nafasi nzuri ambayo Mnyamwezi mwenye akili angeitumia, mishipa imebana, presha imefika juu ya mnazi, mtani yuko tayari na sufuria ya matanga, nawe umeshindwa, kwa uvivu tu. Sijaona ukoo wa wavivu kama wenu. Na miguu yenu imepinda.

Dawa imefika jana na Yusufali akasafisha usiku kucha. Nimeziweka picha mbili mezani, ya Mei, nakala aliyobaki nayo Yusufali, na ya Oktoba. Madoa yamefutika. Yote. Nimetafuta hata moja kwa lenzi kwa ajili ya kukuudhi, sikuliona. Pale nilipokuchorea mshale mshipa umefunguka, damu inapita. Hautarudi kuwa wa kijana, Dakta amesema, wala vidonge huviachi mpaka siku unayoingia kaburini ukiwa na miaka tisini na huna jino hata moja. Ukiviacha wiki moja tu nitakuja Bukene kukucharaza kwa mwiko mbele ya wakwe zako. Presha yako ya siku ile ya kamera ilikuwa 150 kwa 90, nzuri kuliko ya Dakta mwenyewe.

Nilipoziona nililia pale dukani. Yusufali maskini akadhani amekosea kusafisha, akaanza kuniomba radhi.

Sasa leta viazi. Magunia mawili, la sivyo nakuja kuchukua na kitanda.

Ndimi mwenye mali, bibi yako na bibi wa ukoo wako wote,
Siwema Pazi


Bukene,
14 Novemba 1974

Dada Siwema,

Naandika mimi Imakulata, kwa sababu mume wangu kwa sasa hafai kwa kazi yoyote.

Barua ilifika jana tukiwa mkutanoni, kijiji kizima kimekaa kumsikiliza bwana shamba. Gadi akaileta mpaka mbele. Raymundi aliipokea akaishika kwa mikono miwili, hakuifungua. Bwana shamba akaacha hotuba yake. Watu wote wakamgeukia, maana wanajua habari za jicho lake. Akanipa mimi, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu anioe, "Tazama neno la kwanza tu. Kama ni shikamoo, ifunge, usiniambie, twende nyumbani."

Nikafungua. Nikasoma lile neno la kwanza, na la pili, na habari za chungu cha togwa. Nikamwinamia sikioni nikamsomea polepole, neno kwa neno, mpaka pale penye miguu iliyopinda.

Dada, alikaa chini kwenye vumbi. Mtu mzima, fundi wa nyumba sitini, akaweka uso kwenye magoti na kulia kama mtoto aliyeokotwa njiani. Wanawake wakashika vichwa. Mama mmoja akaanza kupiga yowe la msiba, wengine wakapokea, bwana shamba akavua kofia, mzee mmoja akatuma watu wakatafute majembe.

Ikabidi nisimame juu ya kiti niwapigie kelele: "Jamani, nyamazeni, hakuna msiba! Mume wangu ametukanwa!"

Imakulata Shija